Breki Iliyozama Kivukoni

Wiki hii mniwie radhi, kwani nitawatoa jikoni niwapeleke chini ya gari.

Nyumbani kwetu lipo gari aina ya Morris Minor alilotuachia marehemu baba mkwe. Magari haya yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, na letu, ijapokuwa ni kongwe, lingali likitembea. Mwezi uliopita, tukingoja zamu ya kuteremkia feri ya Likoni, mama mkwe kando yangu na watoto wawili nyuma, nilihisi kikanyagio cha breki kikididimia polepole. Nikakanyaga tena, kikapanda, nikakishikilia, kikazama. Nilivuta breki ya mkono, nikazima injini, tukashuka sote. Gari likasukumwa kando.

Nilichungulia chini, sikuona hata tone. Nikafunua zulia miguuni pa dereva, ambapo ndipo mafuta ya breki hutiwa katika magari haya, nikayakuta yamejaa.

Fundi wetu, mzee aliyeyazoea magari haya tangu ujana wake, alitabasamu. "Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako." Akanieleza kwamba kikanyagio husukuma pistoni iliyo ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta, na pistoni ndiyo inayopeleka mafuta magurudumuni. Mipira yake ikilika, mafuta hurudi nyuma humo humo ndani, yasionekane nje. Na gari kama letu lina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote 4. Masta ikishindwa, hubaki breki ya mkono pekee.

Mume wangu alitaka tubadilishe mipira tu, maana silinda ile aliifunga baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Kuitoa hakukuwa kazi ndogo: imejificha ndani ya fremu chini ya sakafu, na bolti zake huzuiwa na nondo nene inayofanya kazi ya springi ya gurudumu la mbele, hivyo ilibidi nondo hiyo iondolewe njiani kwanza. Ilipotoka, fundi aliipangusa ndani, akamwambia mume wangu apitishe ukucha. Ukucha ukakwama kwenye vishimo vya kutu.

"Mpira mpya humu utaliwa upesi," alisema mzee. Mume wangu akanyamaza. Jioni akaleta silinda mpya.

Kutu ile ilitoka wapi? Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu haina uhaba wa unyevu. Ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na chupa iliyokaa wazi isitumiwe.

Siku ya kufunga nilikuwa msaidizi. Mimi nilikanyaga na kushikilia. Fundi akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akaikaza, ndipo nikaachilia. Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta, tukamalizia na la mbele kulia. Mafuta yaliyotoka mwanzo yalikuwa meusi kama kahawa. Hewa ilipokwisha, kikanyagio kilisimama imara.

Basi, mama na dada zangu, kabla ya kuondoka na watoto, kanyageni breki gari likiwa limesimama, mkishikilie kikanyagio na kuhesabu hadi 30. Kikizama, msiondoke, hata kama mafuta yamejaa. Wala msijifariji kwamba ukikanyaga mara mbili kinapanda. Kupanda huko ndiko kunakoficha ubovu.

Silinda kongwe hatukuitupa. Mama mkwe aliifuta, akaiweka kabatini pamoja na miwani ya marehemu. Jumapili iliyofuata tukavuka Likoni, naye akiwa kando yangu.