Lisemwalo Halipo

"Yule mama ana lake jambo."

Nililisikia neno hilo mwezi uliopita Lusu, nje kidogo ya mji wa Nzega, kwenye benchi la muuza kahawa. Aliyelisema ni kijana mwenye adabu zake, aliyesogea akanipisha nikae. Alikuwa akimsema mjane mmoja wa jirani. Mama huyo hufagia uwanja wake usiku. Akienda msibani hubeba bakuli lake mwenyewe. Akiteka maji huongea, na kando yake hakuna mtu. Wanaume wanne waliokuwa pale wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba kosa limeshatajwa na ushahidi umeshatolewa.

Neno hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote. Tumeamini, na watoto tumewarithisha, kwamba mwenye mazoea yasiyofanana na ya wenzake anaficha kitu. Kwamba kituko cha mtu ni mkia tu, ukiuvuta anatoka mchawi mzima. Imani hiyo ni ya uongo tangu mzizi hadi jani. Na imeua watu.

Nianze na macho mekundu, ambayo watu huyafanya dalili ya uchawi, maana hilo ndilo shitaka kongwe kuliko yote. Ingia jikoni kwa bibi wa kijijini. Ukuta wa udongo umepakwa masizi, kidirisha hakizidi kiganja, mafiga matatu, kuni zilizolowa mvua, au samadi kavu ya ng'ombe pale miti ilipokwisha. Chuchumaa naye mpaka ugali uive. Kabla maji hayajachemka machozi yanakutiririka, na unga ukitiwa wewe unautafuta mlango. Yeye amekaa hapo mara mbili kwa siku tangu akiwa binti wa miaka saba, na sasa ana sabini. Juu ya moshi huo weka trakoma, ule ugonjwa wa vikope unaoenezwa na mikono, vitambaa na nzi, na unaowaandama zaidi wanawake kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Ukimrudia mtu kwa miaka mingi, kope hugeukia ndani, zikawa zinaikwaruza mboni kila anapopepesa. Hayo ndiyo macho tunayosema yanaona usiku! Mengi yake hata mchana hayaoni sawasawa. Mama wa watu amepika, tumekula, tumekua, kisha alama ya kazi ile tumeiona usoni mwake tukaipa jina la uchawi.

Julai 2017, katika wilaya hii hii ya Nzega, kijiji cha Undomo, wanawake watano waliuawa na kundi la watu waliowatuhumu kuwa wachawi, wakachomwa moto. Watano kwa mara moja. Tusijifiche nyuma ya mpiga ramli. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi mwaka 2015, na ilifanya vyema, lakini mpiga ramli hazui jina kutoka hewani. Hulikuta limekwisha kupikwa. Akifika kijijini hukaa, husikiliza, huuliza maswali mawili matatu, nasi tunamkabidhi wenyewe: kuna bibi haendi kwa watu, kuna mwingine huongea peke yake. Yeye hutia chumvi tu na kupakua. Jiko ni lile benchi la kahawa.

Wapo watakaoniambia hii ni mila yetu na mimi nimelewa mambo ya mjini. Mila gani? Unyamwezi ni nchi ya wapagazi. Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo, wakarudi na kanzu, na kahawa, na majina mapya, na namna za kula na kusalimia ambazo mama zao hawakupata kuziona. Tabora ilijaa Waarabu, Wamanyema, Waganda na watu wa pwani, kila mmoja na miiko yake na vituko vyake. Mji wa misafara usingedumu mwaka mmoja kama kila aliyefanya jambo lisiloeleweka angefukuzwa.

Tazama Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka Tabora mjini, lilipo tembe ambalo leo ni makumbusho. Mwaka 1872 alikaa hapo mzee mmoja mgeni, mwenye mvi, David Livingstone. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, alimwacha mwezi Machi, naye akakaa hadi Agosti akisubiri wapagazi. Mzee huyo katika safari zake alikuwa na mtindo wa kutoka usiku na chombo mkononi, akazipima nyota. Mwaka uliotangulia, alipokuwa Manyema na karatasi zimemwishia, aliandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa maji ya mimea, mistari ikikatiza maandishi yaliyochapwa. Mtu anayeongea na nyota na kuandika juu ya maandishi! Wenyeji wa huko walimwona, wakamuuzia chakula, wakamwacha na mambo yake. Alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake njia nzima hadi Bagamoyo. Leo vituko vyake tunavitunza ndani ya tembe na tunawaonyesha wageni. Huyu mama wa Lusu, aliyezaliwa hapa hapa, fagio lake la usiku ndilo limetushinda.

Hata juzijuzi, mgodi mkubwa wa dhahabu ulipofunguliwa kwetu mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuja wageni waliokuwa wakikimbia alfajiri bila kukimbizwa na mtu, wakirudi walikotoka wakiwa wamelowa jasho. Hatukumwita hata mmoja wao mchawi, tukasema ndivyo walivyo. Maneno hayo, ndivyo alivyo, tunayajua vizuri. Tunawanyima walio dhaifu tu: mjane, mgumba, mzee asiye na mtoto wa kumsemea.

Najua pia hoja ya wanaojiona wenye busara, kwamba kijiji hakina budi kuwa macho, maana mbaya hujulikana kwa nyendo zake. Waulize Sungusungu, walinzi wa vijiji walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku Unyamwezini na Usukumani kwa sababu ya wezi wa ng'ombe. Mwizi hodari wa ng'ombe hana kituko hata kimoja. Anawahi msibani, anachanga, anasalimia wazee kwa heshima zote, anacheka na watoto. Mwenye jambo la kuficha hujifananisha na wenzake kwa bidii kubwa. Anayeongea peke yake kisimani mbele ya watu wote huyo amekwisha kuonyesha alichonacho.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu bibi yangu mzaa mama naye alikuwa mfagiaji wa usiku, Lusu hii hii. Saa kumi usiku ungelisikia fagio lake la vijiti, shaa, shaa, kutoka mlangoni kurudi nyuma hadi kwenye mwembe. Masika moja jirani alifiwa na ndama wawili, kisha mtoto akafa kwa homa, na maneno yakaanza. Wajomba hawakungoja. Walimchukua usiku kwa baiskeli, kifurushi mgongoni, wakampeleka Nzega mjini kwenye chumba cha kupanga. Uwanja wa pale ulikuwa wa saruji. Aliufagia saa ile ile kwa miaka tisa aliyobakiza, huku wapangaji wakilalamika.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini. Nilitaka anipe sababu niwapelekee watu: mgongo, usingizi wa uzee, hofu ya nyoka, chochote. "Nimezoea tu, mume wangu," akanijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Kwa muda mrefu jibu hilo lilinikera. Sasa naona kosa lilikuwa langu, na ndilo kosa letu la pili. Macho mekundu yana maelezo, sawa, na tuyatoe kila tupatapo nafasi. Lakini fagio halihitaji maelezo, wala bakuli. Mtu hadaiwi sababu ya kupiga mwayo mara mbili au kulalia ubavu wa kushoto, na hakuna kikao cha kijiji chenye haki ya kumwita ajieleze.

Siku ile kwenye benchi nilimgeukia yule kijana nikamuuliza: jambo gani? Akakizungusha kikombe. "Si wanasema." Akina nani? Akawatazama wenzake, nao wakaangalia barabarani. Mmoja akajikohoza, akasema wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikamwambia Undomo lilikuja kweli, na tulilileta sisi kwa kulisema.

Nililipa kahawa nikaenda kwa yule mama. Uwanja wake ulikuwa na mistari ya fagio iliyopinda kama mawimbi, na kuku wawili walikuwa wameanza kuiharibu. "Mwangaluka, mayu," nikasema. Akaitika, akanitolea kigoda, akaingia ndani akatoka na maji kwenye kikombe cha bati. Wale wanaume walikuwa wakinitazama kutoka mbali. Nikayanywa yote.