Tusitie saini kwa neno tusilolijua

Familia zetu nyingi hufika mahakamani zikiwa na haki, zikatoka bila ya haki hiyo kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna aliyeuliza maana yake.

Tuanze na ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliandikwa kwa Kiingereza, na neno lake 'divorce' tumezoea kulifasiri kuwa talaka. Hapo ndipo tunapoteleza. Katika fiqhi, talaka hutamkwa na mume. 'Divorce' ya sheria hiyo hutolewa na mahakama, kwa kawaida baada ya baraza la usuluhishi kuthibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Mwanamke aweza kuwa ameshaachwa na kumaliza eda, na bado mbele ya sheria ni mke wa mtu. Akidai sehemu yake katika nyumba waliyoichuma pamoja, ataulizwa: amri ya mahakama iko wapi?

Vivyo hivyo 'custody'. Hiyo ni hadhana, yaani kukaa na mtoto na kumlea. Wapo akina baba wanaodhani kuwa mama akipewa mtoto, wao wametuliwa mzigo. Sivyo. Sheria hiyohiyo humwajibisha baba kumtunza mwanawe, awe kwake au kwa mwingine.

Katika jinai hatari ni kubwa zaidi. Maneno 'discharge' na 'acquittal' yote mitaani tunayaita kuachiwa. Lakini aliyeachiwa kwa lile la kwanza, mathalani mashtaka yanapoondolewa kabla ya hukumu, aweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Familia huchinja mbuzi kwa furaha, kumbe kijana hajawa huru.

Na kabla ya hayo yote kuna swali la kukiri kosa. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kuwa mshtakiwa asomewe shtaka na kufafanuliwa vipengele vyake vyote kwa lugha anayoifahamu, ndipo ajibu. Basi anayejibu "ni kweli" ili yaishe haraka ameiacha haki yake mwenyewe.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ni hatua njema, lakini haitoshi. Talaka ni neno la Kiswahili, na bado lina maana mbili. Lugha ikibadilika na maana isifafanuliwe, mtego ni uleule.

Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 282, imetufundisha kuandikiana madeni, na kwamba asiyeweza kuandikisha mwenyewe, msimamizi wake amwandikishie kwa uadilifu. Basi tusione haya kuuliza. Kabla ya kujibu au kutia saini, tumwambie hakimu au wakili: neno hili litanifanya nini kesho?

Wallahu a'lam.