Jikoni Kwetu: Marumaru au Tailizi?

Safari hii hatuna pishi jipya. Tuna ukuta.

Mnaokuja kula pilau kwetu kila Ijumaa mnaujua: ule wa nyuma ya jiko, ambao rangi yake imebambuka kwa mafuta ya sambusa. Mwenye nyumba alipouona alitupa njia mbili. Ama akate gharama za matengenezo kwenye pesa zetu za dhamana tutakapohama mwezi wa Mei, ama tununue vigae wenyewe, naye alete fundi. Pesa hizo wenzetu wawili wanazitegemea kwa nauli ya kwenda nyumbani. Tukachagua vigae.

Ugomvi ulianzia kwenye neno. Mpishi wetu mkuu, dada kutoka Tanga, alisema, “Tuweke marumaru nyeupe, itapendeza.” Mweka hazina wetu, kaka kutoka Kisumu, akaenda dukani akauliza bei ya jiwe lenyewe. Alirudi amenuna. “Dada, hiyo marumaru yako itatulaza njaa!” Dada akashangaa, maana kwao hata kigae cha kauri huitwa marumaru. Kwa kaka, hizo ni tailizi, na marumaru ni jiwe. Siku 2 walinuniana kwa vitu viwili tofauti.

Hata hivyo, baadhi yetu tulikuwa tumeshalipenda jiwe. Basi tukaomba sampuli mbili dukani: marumaru halisi iliyong’arishwa na kigae cha kauri chenye mng’ao. Tukavipaka ndimu, ukwaju, na manjano yaliyokorogwa kwa mafuta, tukaenda kulala. Asubuhi kigae kilipanguswa mara moja kikawa safi. Jiwe lilibaki na doa la manjano, na pale palipokaa ndimu pamefifia. Marumaru ni ya jamii ya mawe ya chokaa, na asidi huila. Tena ina vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta, kwa hiyo hupakwa dawa ya kuviziba, na dawa hiyo hurudiwa kila baada ya muda. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tukachukua vigae vyeupe vya inchi 3 kwa 6, aina ile iliyobandikwa kwenye stesheni za reli ya chini ya ardhi ya New York ilipofunguliwa mwaka 1904. Vinarudisha mwanga na kusafishika upesi. Jikoni kwetu, penye dirisha moja dogo, hatuhitaji zaidi ya hayo.

Hesabu alifanya kaka. Ukuta una urefu wa futi 8, na kutoka meza ya jikoni hadi chini ya makabati ni inchi 18, yaani futi moja na nusu. Hiyo ni futi 12 za mraba. Vigae 8 hujaza futi moja ya mraba, kwa hiyo ni 96. Tukaongeza asilimia 10 kwa vitakavyokatwa au kuvunjika, vikawa 106. Vitakavyobaki tutaviweka, kwa sababu kigae kikipasuka baadaye, rangi ya vile vya dukani huenda isilingane.

Jambo la mwisho ni saruji ya kujaza nafasi kati ya vigae. Dada aliitaka nyeupe. Tukampaka kidogo kwenye kipande cha ubao, ikakauka, tukadondoshea mchuzi wa manjano. Hakubisha tena. Tumenunua ya kijivu.

Fundi anakuja Jumamosi, hivyo Ijumaa hii hakuna pilau. Nanyi mkifikwa na ukuta kama wetu, peleni sampuli nyumbani mzimwagie kile mnachopika kila wiki, kabla hamjatoa hata senti. Na kabla ya hapo, ulizaneni kila mmoja anaita nini.

Ijumaa ijayo njooni. Dada atawaonyesha marumaru yake, na kaka tailizi zake.