Tuyasome maji kabla ya kuyatia dawa

Aghalabu mtu anapoona kidimbwi cha samaki kimegeuka rangi ya kijani, jambo la kwanza limjialo akilini ni uchafu, na la pili ni dawa. Huenda ghalani, akachota alichonacho, akakimwaga majini, kisha akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake. Haja yangu leo ni kumsihi mtu huyo, na hasa mwalimu na mwanafunzi wa huku kwetu Sirisia, asitie chochote majini kabla hajayasoma maji yenyewe.

Nasema haya kwa kuwa niliyashuhudia. Katika shule moja ya eneo hili, ambayo sitaitaja jina, wanafunzi walisaidia kuchimba kidimbwi, wakapewa vifaranga vya ngege, wakawalisha kwa zamu kwa miezi kadhaa. Maji yakageuka kijani. Jirani mmoja, mkulima wa kahawa mwenye nia njema kabisa, akamwambia mwalimu, "Hiyo koga, mwalimu, dawa yake ni mrututu. Sisi twautumia kwenye kahawa na ukungu hukoma." Mrututu ukatiwa. Siku ya pili maji yalianza kung'aa, na watu wakapongezana. Alfajiri ya siku ya nne, mtoto wa zamu alikuja mbio huku machozi yakimtoka. "Mwalimu, njoo uone! Samaki wamegeuza matumbo juu!" Nilikuwa miongoni mwa waliowaokota samaki wale kwa ndoo, na hakuna aliyekuwa na la kusema.

Je, ni nini kilichowaua? Si ile rangi ya kijani, bali ni ile pupa ya kuiondoa. Rangi hiyo hutokana na mwani, yaani mimea midogo isiyo na mizizi wala majani ya kweli, ambayo mingi haionekani kwa macho matupu. Mchana, kwa nguvu za jua, mwani hutengeneza oksijeni ambayo samaki huivuta. Usiku jua likishatua, mwani wenyewe huvuta oksijeni ileile pamoja na samaki, ndiyo sababu hewa majini huwa haba kabisa karibu na mapambazuko. Sasa, ukiuua mwani wote kwa mpigo mmoja, wa kutengeneza hewa hayupo tena, na mizoga yake inapooza bakteria huimaliza hewa kidogo iliyosalia. Isitoshe, shaba iliyomo katika mrututu ni sumu kwa samaki wenyewe, na hubaki katika tope la kidimbwi baada ya mavuno mengi. Tulidhani tunatibu, kumbe tunachimba kaburi.

Ikumbukwe pia kwamba si kila kijani ni ugonjwa. Maji yenye kijani hafifu ni malisho, kwa maana ngege hula mwani na vijidudu vinavyouishi. Mfugaji anayetaka maji maangavu kama ya kisima anawanyima samaki wake chakula cha bure. Swali la busara basi si "Nitauondoaje?" bali ni "Huu ni wa aina gani, na ni mwingi kiasi gani?"

Aina zenyewe zaweza kutambuliwa bila maabara. Chukua kijiti, ukipitishe juu ya maji. Kikiinuka na nyuzi ndefu zinazoning'inia mfano wa nywele zilizolowa, huo ni mwani wa nyuzi, unaokera kwa kuzinasa nyavu na vifaranga lakini hauna sumu. Kikitoka kimepakwa utando kama rangi ya mlango, na utando huo umerundikana upande ule upepo unakoelekea, huku ukinuka uvundo wa udongo, basi shuku bakteria wa kijani-buluu. Hawa wanastahili kuogopwa, maana baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini na inayoweza kuua mbwa na ng'ombe wanywao maji hayo. Ama vile vijani vidogo vinavyoelea, kila kimoja na kizizi chake, hivyo si mwani bali ni magugumaji madogo, na bata huyafurahia.

Bado una shaka? Jaza maji katika chupa angavu, uifunike, uiache gizani usiku kucha pasipo kuitikisa. Asubuhi, kijani kikiwa kimepanda juu na kufanya utando, yamkini ni bakteria hao. Kikiwa kimezama au kimetawanyika, yamkini ni mwani wa kawaida. Mwanafunzi na avae glavu au mfuko wa plastiki mkononi, kisha anawe kwa sabuni.

Kuhusu wingi, kipimo kipo tangu mwaka wa 1865, pale padre na mwanafalaki Mwitalia, Angelo Secchi, alipoteremsha kisahani baharini ili ajue uangavu wa maji. Shuleni twaweza kukitengeneza kwa kifuniko cha mkebe, kipana kama sentimita 20, kilichogawanywa robo nne nyeusi na nyeupe kwa kupishana, kikafungiwa uzito na kamba yenye alama. Kikitoweka machoni kati ya sentimita 25 na 40, kidimbwi kina afya. Kikitoweka kabla ya sentimita 20, hatari inabisha hodi. Asiye na kisahani, na mradi hapana dalili za utando wenye sumu, na anyooshe mkono wima majini: kiganja kikipotea maji yanapofika kiwikoni, ni vyema, kikipotea maji yangali kwenye kifundo cha mkono, mwani umezidi.

Tiba nayo huanzia nje ya maji. Mwani hula naitrojeni na fosforasi, na vitu hivyo huletwa na sisi wenyewe: samadi iliyozidi, mbolea ya dukani, chakula ambacho samaki hawakukimaliza, na maji ya mvua yanayopitia zizini au shambani. Acha mbolea mara moja. Punguza chakula mpaka samaki wakimalize mbele ya macho yako. Chimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Toa sehemu ya maji kutoka chini penye taka, uyapeleke kwenye mboga au migomba wala si mtoni, kisha ujaze maji safi yakidondoka kutoka juu ili yabebe hewa. Mwani wa nyuzi uvutwe kwa reki kidogo kidogo na kutiwa kwenye mboji. Palipo na utando wa kijani-buluu, watoto na mifugo wakae mbali, samaki wasiliwe kwanza, na afisa wa uvuvi aitwe. Haya yote huchukua wiki kadhaa. Mwani haukuja kwa siku moja, nao hautaondoka kwa siku moja.

Sheria hii haibagui maji. Hata wanaofuga samaki wa baharini na matumbawe katika matangi ya vioo hukumbana na koga ileile kwa sababu zilezile: chakula kingi, wala-mwani wachache, na haraka ya kutia dawa. Na katika bahari yetu wenyewe, joto la mwaka wa 1998 lilipoua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, mwani uliota juu ya mifupa yake. Wanaoupunguza mwani huo ni samaki kama vile pono na tafi, na pale wavuvi wanapowamaliza hao, mwamba hushindwa kupata nafuu. Kwingine nako, Ziwa Victoria limezidi kuwa kijani tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya rutuba inayosombwa kutoka mashambani na mijini. Sisi wa Sirisia tusijione tuko mbali. Maji ya mto wetu Malakisi huvuka mpaka na hatimaye huingia Ziwa Kyoga nchini Uganda. Tunachokimwaga huku, jirani hukipokea kule.

Nitaulizwa: haya yote yanamhusu nini mwalimu mwenye vipindi tele na mitihani mlangoni? Jibu langu ni kwamba tumekwisha kulipia ujinga wetu. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kidimbwi kikiwa na mita mraba 300. Hivyo ni vidimbwi 28,000. Pesa zilitoka, majembe yakalia, vifaranga vikagawanywa. Leo vingi vya vidimbwi hivyo ni mashimo ya nyasi na vyura. Sababu ni nyingi, zikiwemo bei ya chakula na uhaba wa vifaranga bora, lakini naamini moja kubwa ni kwamba tuligawa samaki kabla ya kugawa maarifa ya maji. Mkulima alijua idadi ya vifaranga vyake, hakujua kwa nini vilipanda juu kutwetea hewa alfajiri.

Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi atende, si akariri. Basi kipo kitendo gani bora kuliko hiki? Kisahani na kamba ni somo la vipimo. Chupa ya gizani ni somo la majaribio. Daftari la kila asubuhi lenye rangi ya maji, kina cha kisahani na tabia ya samaki ni somo la takwimu, tena linaloishia kwenye sahani ya ugali. Hata shule isiyo na kidimbwi yaweza kuazima cha jirani. Na afisa anayegawa vifaranga ningependa ashurutishwe kugawa kisahani pamoja navyo.

Yule mtoto aliyekuja mbio alfajiri ile aliniuliza swali ambalo sikuwa na ujasiri wa kumjibu papo hapo: "Mwalimu, kwani hawakutuonya?" Walituonya, mwanangu. Maji yalibadilika rangi siku baada ya siku, samaki wakapanda juu kutafuta hewa, na dalili zote zilikuwa mbele yetu. Sisi tuliokuwa walimu ndio hatukujua kuzisoma.