Aliyeshika ufunguo wa mahabusu ajieleze

Wadau, leo siandiki habari za bumu wala foleni ya kantini. Jana usiku umeme ulikatika hosteli, tukahamia kwenye vimbweta, stori zikaanza na mpira zikaishia kwa polisi na watu wanaofia mahabusu. Mshkaji mmoja wa sheria, mwaka wa tatu, akasema: "Waziri ajiuzulu kwa lipi? Kwani yeye ndo alishika rungu?" Watu wakacheka. Mimi sikulala vizuri, ndo maana naandika.

Swali lake lilishajibiwa kwenye nchi hii hii kabla hatujazaliwa. Mwaka 1976, Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji ya watu waliodhaniwa wachawi. Vyombo vya dola vikaingia kazini, watu wakasombwa, wakateswa ili waseme, baadhi yao wakafia humo humo mikononi mwa waliowakamata. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu hata kofi. Januari 1977 akajiuzulu, na viongozi wengine nao wakaachia ngazi.

Je, alikwisha kisiasa? Wapi! Alipelekwa Misri kuwa balozi, 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 akawa Rais wa Muungano, akakaa miaka 10. Alifariki Februari 2024, na mpaka leo watu wakitaka mfano wa uwajibikaji wanamtaja yeye. Sasa jiulizeni, kwa nini tunarudi miaka yote hiyo kutafuta mfano?

Njooni Mtwara, Januari 2022. Kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa, na maofisa wa polisi wakafikishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Mmoja wa waliokamatwa naye akafia mahabusu, na taarifa ya polisi ikasema kajinyonga kwa tambara la dekio. Jamani, tambara la dekio! Rais Samia mwenyewe alikataa polisi wajichunguze, akaagiza iundwe kamati. Safi. Lakini kwa nini ilibidi Rais aseme? Ina maana pasipo Rais kusema, mtuhumiwa ndiye angekuwa mpelelezi wa kesi yake.

Namrudia mshkaji wangu. Kaka, unachanganya vitu viwili. Jinai ni ya aliyepiga, na hiyo waachie mahakama. Dhamana ni ya anayesimamia, na hiyo haisubiri hukumu. Ukimpa mtu mtoto wako akulelee, ukarudi ukakuta maiti, utaambiwa "uchunguzi unaendelea" uende zako nyumbani?

Mahabusu si barabarani. Mtu akiingia pale ananyang'anywa simu, mkanda, hata kamba za viatu. Hela alizokuja nazo zinaandikwa kitabuni. Kituo kinachojua ulikuwa na shilingi 2,500 mfukoni kinashindwaje kujua nani aliingia selo usiku?

Najua kuna askari wazuri. Baba wa rafiki yangu wa chumbani ni askari, analala macho kwa mshahara mdogo. Huyo ndiye wa kwanza kuumizwa na hizi taarifa za tambara, maana mtaani wote wanaonekana wauaji.

Kwa hiyo mimi nadai mambo matatu tu. Mtu akifia mahabusu, mkuu wa kituo akae pembeni siku hiyo hiyo. Uchunguzi ufanywe na watu wasiovaa sare ile ile. Na ripoti isomwe hadharani, familia ikiwepo.

Mtasema, kiongozi akijiuzulu marehemu atafufuka? Hafufuki. Ila atakayekalia kile kiti baada yake atakuwa anapiga simu kila usiku kuuliza: waliomo selo ni wangapi, na wote wazima?

Haya, kesho asubuhi nina testi na sijasoma kitu. Mshkaji wa sheria, nakusubiri kimbwetani.