Pasi Isiyo na Kipimo cha Moto Isiguse Kichwa cha Bi Harusi

Leo tumekuja na ugomvi.

Sisi ni mafundi cherehani. Tunashona magauni ya harusi Kasulu na Kibondo, huku juu milimani mkoani Kigoma, na siku ya shughuli tunakwenda kumvalisha bi harusi wenyewe. Kwa hiyo kabla mtandio haujakaa, kichwa tunakiona kilivyo. Tunayoyaona yanatuuma: nywele za mbele zimekatika, sikio lina alama ya moto, na harufu ya kuungua imejaa chumbani hadi udi umeshindwa kuifunika.

Ukiuliza unajibiwa mambo mawili. "Moto mkali ndio unaonyoosha." Na, "Si atavaa hijabu, nani ataona?"

Tuanze na hilo la pili, maana linajivika dini. Nywele kufunikwa hakuzifanyi kuwa takataka. Abu Daud amepokea hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayomtaka mwenye nywele azitunze kwa heshima. Halafu, nani ataona? Ataona yule yule mliyemsugulia bi harusi singo wiki nzima!

Sasa huo moto. Huku kwetu umeme ulikuwa wa jenereta za dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya Taifa, na wengi wetu tumelelewa na chanuo la moto juu ya jiko la mkaa. Chanuo halikuwa na kipimo, lakini mama zetu walikuwa na akili. Walilibana kwanza kwenye karatasi nyeupe. Ikigeuka kahawia, wanasubiri. Leo tunachomeka pasi, taa nyekundu inawaka, tunaamini. Pasi nyingi za bei ya chini zina swichi ya kuwasha na kuzima tu. Imefika nyuzi ngapi? Hakuna ajuaye, si muuzaji si msusi.

Fundi yeyote anajua hariri haipigwi pasi kwa moto wa kitani. Ndiyo maana pasi ya nguo ina kile kisahani cha kuzungusha, nailoni chini, kitani juu. Nywele zenye dawa ndizo hariri yenyewe. Dawa imekwisha kuvunja vifungo vya ndani vya unywele ili unyooke, ukija na moto wa nyuzi 230 unaunguza kilichobaki. Sisi kwa nywele za dawa hatuvuki nyuzi 150. Kipilipili kinene kisicho na dawa tunakipandisha hadi 180 hivi, na pasi inapita polepole mara moja, si mara tano. Na dawa ya Ijumaa kwa harusi ya Jumamosi, hapana, hata shangazi akinuna.

Vibao vya titani vinashika moto haraka, vinataka mkono mzoefu. Vya seramiki ni vya upole zaidi, ila msidanganywe na boksi: mara nyingi seramiki ni tabaka jembamba lililopakwa juu, likibanduka kinabaki chuma kinachokwaruza. Pasi ikiwa baridi, pitisha kipande cha shifoni kati ya vibao. Kikikwama, nywele nazo zitakwama. (Na zile mnazoletewa na ndugu kutoka Marekani, someni maandishi yake. Iliyoandikwa volti 120 peke yake itaungua kwenye umeme wetu wa 230.)

Lakini linalotukera kuliko yote ni fungate. Kwenye harusi nywele zinapigwa pasi mara moja. Baada ya hapo kuna josho. Asubuhi bi harusi anaoga, maji yafike kwenye ngozi ya kichwa, kisha anasikia hodi ya wageni, anashika pasi na nywele bado mbichi. Ule mlio wa "chwaa" mnaousikia ni maji yanayochemka ndani ya unywele na kuupasua. Siku saba mfululizo! Kisha tunalaumu jicho la mtu.

Na kuna baya zaidi. Bi harusi mmoja wa Kasulu alitwambia kwa aibu kwamba alichelewesha josho ili nywele zisijikunje, Alfajiri ikampita. Kweli nywele zimgombanishe mtu na swala yake? Kwa udhu ndiyo hata kisingizio hakuna; sisi Mashafii kupaka maji sehemu ndogo tu ya kichwa kunatosha.

Maharusi wetu tunawaambia waoge kwa wakati wake, wafyonze maji kwa taulo bila kusugua, kisha draya kwa moto mdogo mpaka nywele zikauke kabisa. Pasi siku ile ipumzike. Wengine tunawabana kwa uzi mweusi kama bibi zetu, wanajitanda mtandio, na ikifika Adhuhuri nywele zimenyooka bila umeme wowote.

Basi nyinyi masomo, mawifi na mashangazi mnaonunua zawadi, msiulize kwanza bei wala rangi. Muulizeni muuzaji namba za nyuzi ziko wapi. Akijibu "inajiseti yenyewe," mrudishieni mkononi.