Mateka Si Mtu wa Nje ya Sheria



Kuna swali ambalo huwa linazuka kila habari za vita vya Somalia zikitajwa, iwe ni barazani baada ya Isha au pale stendi ya bodaboda: mpiganaji asiye na sare akikamatwa, je, anastahili haki za mateka wa vita? Mmoja atakwambia, "Gaidi hana haki yoyote." Mwingine atasema, "Hao ni wanajeshi kama wanajeshi wengine." Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanaweza kukugharimu wewe, si wao.

Tuanze na sheria yenyewe. Mikataba ya Geneva ya 1949 haimpi kila mwenye bunduki hadhi ya mateka wa vita. Kundi lisilo jeshi rasmi lazima litimize masharti manne: liwe na kamanda anayewajibika, livae alama inayoonekana kwa mbali, libebe silaha waziwazi, na lifuate sheria za vita. Anayetimiza hayo katika vita kati ya nchi na nchi hashtakiwi kwa sababu tu alipigana. Anashikiliwa mpaka vita viishe, kisha anarudishwa kwao. Na hata yeye akiua raia, anashtakiwa kama mhalifu.

Sasa pima mwenyewe. Waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala au wakiswali, walifuata sheria gani ya vita? Tena vita vya Somalia si vya nchi dhidi ya nchi. Ni vya serikali na washirika wake dhidi ya kundi lenye silaha, na katika vita vya aina hiyo hadhi ya mateka wa vita haipo kabisa. Kwa hiyo kijana, akija mtu kukunong'onezea ati ukivuka mpaka utahesabiwa mwanajeshi, jua anakudanganya. Ukikamatwa utashtakiwa kama mhalifu, na yeye aliyekutuma hatakuwa kizimbani nawe.

Lakini hapa ndipo wengi wanateleza. Kutokuwa mateka wa vita si kutokuwa kitu. Mikataba yote minne ya Geneva ina kifungu kimoja kinachofanana, kifungu cha 3, kinachomlinda kila aliyekamatwa katika vita vya ndani. Asiuawe, asiteswe, asidhalilishwe, na asihukumiwe ila na mahakama halali. Hakuna sharti la sare hapo. Ukiwa mikononi mwa adui, umeshaingia kwenye ulinzi huo.

Serikali ya Marekani ilijaribu kubuni sanduku la tatu. Tarehe 7 Februari 2002 Rais Bush aliamua kwamba Al-Qaeda hawana hata ulinzi wa kifungu cha 3. Si mateka wa vita, si washtakiwa wa kawaida. Basi ni nani? Watu wa Guantanamo. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wazi kwamba kifungu cha 3 kinawahusu hao pia. Lakini sanduku lilikuwa limeshafunguliwa, na Mkenya akatiwa humo.

Mohammed Abdulmalik hakukamatwa kwenye uwanja wa vita. Alikamatwa na polisi wa Kenya mjini Mombasa Februari 2007, akakabidhiwa Wamarekani, na mwezi uliofuata akafikishwa Guantanamo. Walimtuhumu kuhusika na shambulio la hoteli ya Paradise kule Kikambala mwaka 2002, ambapo Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa. Tuhuma nzito. Basi kwa nini hakushtakiwa? Alirudishwa Kenya Desemba 2024, baada ya karibu miaka 18, bila kufunguliwa kesi hata moja. Kama hana hatia, alidhulumiwa. Kama anayo, waliodhulumiwa ni familia za Kikambala, kwa sababu hawakupata siku ya kusikia ushahidi wala hukumu. Sanduku la tatu halimpi mtu yeyote haki.

Na usidhani hili ni jambo la Waislamu peke yao. Waingereza walikataa kuita Mau Mau vita. Walisema ni "hali ya hatari" na wahalifu. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 akiwa amejeruhiwa, akashtakiwa kwa kupatikana na bunduki, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Kule Hola, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 waliodai haki yao. Muulize jirani yako Mkikuyu hapo Munyaka, atakwambia maana ya kuitwa gaidi ili usihesabiwe binadamu.

"Lakini Al-Shabaab hawaheshimu mateka wetu!" Ni kweli, na Eldoret inajua kuliko miji mingi. Wanajeshi wengi wa kambi ya El Adde iliyovamiwa tarehe 15 Januari 2016 walitoka hapa, Moi Barracks, na ibada ya kuwakumbuka ilifanyiwa hapa hapa. Baadhi yao walichukuliwa mateka. Unapolaani walichofanyiwa, unasimama juu ya kanuni gani? Ni kifungu kile kile cha 3. Ukisema hakimhusu adui, umeshakitupa kwa askari wetu pia. Huwezi kukishika kwa mkono mmoja na kukivunja kwa mkono mwingine.

Nasi Waislamu hatukufundishwa haya na Geneva. Suratul Insan, aya ya 8, inawasifu wanaomlisha mateka pamoja na maskini na yatima. Baada ya Badr, Abu Aziz bin Umair, aliyekuwa mateka, alisimulia jinsi waliomteka walivyompa yeye mkate na wao wakala tende. Thumama bin Uthal alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), akatendewa wema, akaachiliwa, kisha akarudi mwenyewe kusilimu. Hawa walikuwa maadui, si wageni waalikwa.

Basi dai letu ni dogo na ni zito. Hatuombi Al-Shabaab waitwe wanajeshi. Tunadai kila aliyekamatwa awe na jina kwenye daftari, na afikishwe mbele ya hakimu. Katiba yetu inasema hivyo hivyo: kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kifungu cha 25 kinasema uhuru dhidi ya mateso na haki ya kesi ya haki haviwezi kupunguzwa, hata kwa mtuhumiwa wa ugaidi.

Siku kijana wa mtaa akichukuliwa na gari lisilo na namba, usianze kwa kuuliza kama ni mtu mzuri. Andika saa, mahali na waliomchukua walivyoonekana. Nenda kituo cha polisi na familia yake, muulize ameandikishwa wapi. Wakikana, tafuta wakili siku hiyo hiyo aombe mahakama iamuru aletwe, kwa kifungu cha 51. Kama ana kosa, ushahidi utasema. Kama hana, atarudi nyumbani kula na mama yake.

Wasambazie wenzako.